Mafuta kwenye damu si chapati peke yake

Shangazi yangu anauza samaki Kibuye, Kisumu. Alipopimwa mafuta kwenye damu aliambiwa kolesteroli, aina mojawapo ya mafuta hayo, imepanda, aache vya kukaanga. Akaacha. Miezi ikapita, kipimo kikabaki palepale, watu wakaanza kumwona mwongo. Hakuna aliyemuuliza mbona anajifunika sweta saa saba mchana, kwenye jua lile la Kisumu.

Sweta ile ndiyo iliyokuwa jibu. Homoni ya tezi ya shingo, thairoidi, huchochea ini kutengeneza vipokezi vinavyonasa kolesteroli mbaya na kuiondoa kwenye damu. Ni vipokezi vilevile vilivyowapa Brown na Goldstein wa Marekani tuzo ya Nobel mwaka 1985. Tezi ikizembea, mwili huona baridi, vipokezi hupungua, na kolesteroli huendelea kuzunguka hata kama mtu anakula mboga za kuchemsha. Estrojeni, homoni ya kike, nayo husaidia kazi hiyo. Ndiyo maana hedhi ikikoma, wanawake wengi hupandwa na kolesteroli.

Insulini, homoni inayodhibiti sukari, nayo hushughulikia mafuta ya mlo. Huamsha kimeng'enya kilicho kwenye kuta za mishipa midogo, nacho huyavunja mafuta ili yaingie kwenye seli. Mgonjwa wa sukari asiyetibiwa hukosa msaada huo, na ini lake humwaga mafuta zaidi. Damu yake ikishazungushwa kwenye mashine ya maabara, majimaji ya juu, ambayo kwa kawaida ni ya manjano, huweza kutoka meupe kama maziwa.

Wanaolaumu chakula hawajakosea. Wengi wenye mafuta mengi tezi zao ni nzima, na kwao sufuria ya mafuta yanayorudiwa kukaangia ni tatizo la kweli. Tena homoni si dawa ya kolesteroli. Huko Marekani, wanaume waliowahi kupata mshtuko wa moyo walipewa homoni ya jamii ya thairoidi ili kuishusha. Ilishuka, lakini vifo vikaonekana kuzidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaacha kupewa.

Ninachokataa ni lawama kutangulia kipimo. Kupima tezi kunahitaji damu kidogo tu, na kufanywe kabla ya kuanza dawa za kolesteroli, maana tezi iliyolegea huongeza hatari ya dawa hizo kuumiza misuli. Shangazi alipimwa baada ya mwaka mzima wa kusutwa. Sasa humeza kidonge cha thairoksini, homoni ya tezi hiyo, alfajiri, kabla ya chai. Kolesteroli imeteremka, na sweta amempa binti yake.