Mnatoza faini ya kutapisha, tope likamwagwe wapi?

Kila masika yakikaribia Dar es Salaam, tangazo la halmashauri ni lile lile: atakayetapisha choo atakamatwa na kulipa faini. Gari la matangazo linapita Tandale, Manzese, Buguruni na Keko, linasoma onyo na kuondoka. Hakuna hata sentensi moja inayomwambia mwenye shimo la choo lililojaa alipeleke wapi tope lake. Hicho ndicho kinachoniudhi, na kinaniudhi zaidi kwa sababu jibu lake si gumu.

Sitetei kutapisha. Kutoboa ukuta wa shimo mvua ikiwa imekolea, ili kinyesi kifuate maji hadi uani kwa jirani na kisha Mto Msimbazi, ni kumpelekea mtoto wa mwenzio kuhara. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 hatujakisahau. Faini ni halali. Ila faini haibebi tope.

Tuanze na gari la kunyonya. Yaliyo mengi hubeba kati ya lita 5,000 na 10,000, na bei ni kwa tripu. Sasa pima shimo la uswahilini: mara nyingi limejengwa kwa matairi, mapipa au tofali. Likiwa la duara, lenye upana wa mita 1 na kina cha mita 2, linachukua takriban lita 1,500. Mwenye nyumba analipia tripu nzima kwa tope lisilofika hata theluthi ya tangi dogo, kwa sababu gharama kubwa ya mwenye gari ni dizeli na saa za foleni hadi kwenye mabwawa ya majitaka. Haiwezekani akatoza kidogo eti kwa kuwa shimo ni dogo.

Hapo tumeshakubali kwamba gari limefika. Kwenye vichochoro vingi halifiki. Linaegesha barabarani na kuunga mipira, na kila mpira unaoongezwa unapunguza nguvu ya kunyonya. Pampu ya aina hii inategemea mgandamizo wa hewa: hata maji matupu hayawezi kuvutwa juu kupita mita 10 hivi, na kwa tope zito ni pungufu sana. Lililolala chini kwa miaka limekuwa kama udongo wa mfinyanzi. Lazima limwagiwe maji na kukorogwa kwanza, na kabla ya hapo zitolewe taka: matambara, pedi, chupa, nywele za saluni. Kipande kimoja cha kanga kikikwama kwenye mpira wa inchi 3, kazi inasimama. Ndiyo maana mara nyingi gari huondoka na maji ya juu, tope linabaki, na baada ya miezi miwili choo kimejaa tena.

Basi anaitwa chura, yule mtu wa kuzoa tope kwa mikono, aingie na ndoo. Hili liishe kabisa. Gesi iliyomo shimoni inaangusha mtu kabla hajapiga kelele, na mafuta ya taa yanayomwagwa kuua harufu hayaondoi sumu hiyo, yanaongeza hatari ya moto.

Kifaa cha kumwondoa mtu shimoni kipo. Ni pampu ya mkono, bomba la plastiki lenye vali chini na mpini juu, watu wawili wanavuta wakiwa wamesimama nje. Inafika kina cha kama mita moja na nusu na kujaza madumu ya lita 50. Madumu 10 yanapandishwa kwenye toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, nayo inapita kichochoro ambacho gari halioti kupita. Shimo letu la lita 1,500 halizidi safari tatu.

Lakini safari tatu za kwenda wapi? Hapa ndipo halmashauri zinapotuangusha. Kutoka Tandale hadi mabwawa ya Vingunguti, kwa toyo, kupitia Barabara ya Mandela, ni nusu siku kwa lita 500. Hakuna kijana atakayefanya biashara hiyo mara mbili. Atamwaga kwenye mtaro wa kwanza wenye giza, na sisi tutamwita mhuni.

Kinachohitajika ni kituo kidogo cha kuhamishia, kimoja kwa kila kata chache: tangi la zege la lita 10,000 chini ya ardhi, chujio la nondo mdomoni la kuzuia taka, mfuniko unaoziba, bomba refu la kutolea hewa, sakafu yenye mteremko na bomba la kuoshea madumu. Toyo 20 zinalijaza. Gari moja kubwa linakuja usiku, foleni imepungua, linabeba zote kwa tripu moja. Dizeli ile ile iliyokuwa inamwelemea mwenye nyumba mmoja sasa inagawanywa kwa watu sita, saba.

Wenye kupinga wana hoja moja ya kweli: kituo kisiponyonywa kwa siku tatu kitafurika, na mtaa mzima utalia. Sawa. Basi mkataba wa gari la kunyonya usainiwe kabla ya zege kumwagwa, ratiba ibandikwe ofisi ya mtaa, na ada ilipwe kwa dumu. Mzigo wa kisheria umekaa katikati, halmashauri kwa afya ya jamii na mamlaka ya maji kwa majitaka, na kila upande unaweza kuuelekezea mwenzake. Madiwani wawaite wote wawili kwenye kikao kimoja cha bajeti.

Wenye nyumba nao wabadilike: choo kinachofunikwa zege bila mfuniko wa kufungua hakinyonyeki mpaka kivunjwe.

Na kama shimo lako limejaa, nyonya kiangazi. Masika maji ya ardhini yako juu; ukilitoa tope lote kwenye shimo la matairi, udongo uliolowa unasukuma kutoka pembeni na ukuta unaingia ndani. Ikibidi masika, punguza nusu, acha nusu, malizia mvua zikiisha.