Karani Alishtakiwa, Mkubwa Akaachwa

Novemba 2024, mahakama ya Boston ilimfunga Jack Teixeira miaka 15. Alikuwa na umri wa miaka 22, mwanajeshi wa cheo cha chini katika kikosi cha anga cha jimbo la Massachusetts, na kosa lake lilikuwa kuvujisha nyaraka za siri za jeshi la Marekani kwa watu aliokuwa akipiga nao soga kwenye mtandao wa Discord. Mwezi huohuo mwendesha mashtaka maalumu, Jack Smith, aliachana na rufaa dhidi ya Donald Trump kuhusu nyaraka za siri zilizokutwa Mar-a-Lago, makazi yake ya Florida. Trump alikuwa akikabiliwa na mashtaka 40. Julai, Jaji Aileen Cannon alikuwa ameitupilia mbali kesi nzima kwa hoja kwamba uteuzi wa Smith haukuwa halali. Kisha Trump akashinda uchaguzi, na Wizara ya Sheria ya Marekani haimshtaki rais aliye madarakani. Kesi ikafa bila kusikilizwa.

Habari hizi zilipofika Nairobi, zilijadiliwa kama kila jambo linavyojadiliwa hapa. Pale bustani ya Jeevanjee, kwenye miti wanapokutana watu wa Bunge la Mwananchi kujadili siasa, mzee mmoja aliyekuwa amekunja gazeti chini ya kwapa alisema kwa sauti, "Kumbe hata kwao!" Waliomzunguka wakacheka, wengine wakapiga makofi. Kicheko kile kilinikera. Tumeishi na uonevu huu kwa miaka mingi kiasi kwamba tukiuona kwa jirani tunapata nafuu, badala ya kukasirika mara mbili.

Mimi nimekasirika, na nataka kueleza ni kwa nini.

Huko Marekani mambo haya hayakuanza na Trump. Julai 2016 mkurugenzi wa shirika la upelelezi la FBI, James Comey, aliwaambia wananchi kwamba Hillary Clinton na wasaidizi wake walikuwa wazembe kupita kiasi katika kushughulikia taarifa za siri kwenye barua pepe yake ya binafsi, ila hakuna mwendesha mashtaka makini ambaye angeipeleka kesi hiyo mahakamani. Mwezi uliofuata, baharia Kristian Saucier alifungwa mwaka mmoja kwa kupiga picha kwa simu ndani ya nyambizi aliyokuwa akifanya kazi. Wakili wake aliitaja kesi ya Clinton akiomba mteja wake ahurumiwe. Haikusaidia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Jenerali David Petraeus, aliyewahi kuwa mkuu wa shirika la ujasusi la CIA, alikiri kosa dogo baada ya kumpa mwandishi wa wasifu wake, ambaye pia alikuwa mpenzi wake, madaftari yaliyojaa siri. Alipewa kifungo cha nje cha miaka miwili na faini ya dola 100,000. Akaenda nyumbani.

Nitasema haki. Kesi hizi hazifanani zote. Joe Biden alikutwa na nyaraka nyumbani kwake na wanasheria wake wakazirudisha. Trump alishtakiwa kwa kuzificha zilipotakiwa. Sheria huuliza nia ya mtu, na kuthibitisha nia si kazi rahisi. Lakini angalia nia inavyotafutwa. Mkubwa akikosea, dola huingia hadi moyoni mwake kutafuta alikusudia nini, kumbukumbu zake zikoje, alishauriwa na nani. Mdogo akikosea, inatosha kwamba mkono wake uliigusa karatasi.

Tena, Machi 2025 mawaziri na washauri wa usalama wa Marekani walijadili mashambulizi ya Yemen kwenye kikundi cha Signal, programu ya kutumiana ujumbe kwa simu, saa za ndege kuruka zikiwa mle ndani, na mhariri wa jarida la The Atlantic akiwa ameingizwa kimakosa na kusoma kila kitu. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa hilo. Oktoba 2025 John Bolton, aliyewahi kuwa mshauri wa usalama wa Trump, alishtakiwa kwa taarifa za siri, na wengi walikumbuka kwamba yeye alikuwa amekosana na rais kitambo. Tabia hiyo tunaijua vizuri hapa kwetu: mkubwa huonekana na sheria siku anapokosana na walio juu yake.

Sasa turudi nyumbani.

Kenya tuna Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187, ya mwaka 1968, iliyochukua sura yake kutoka kwa Waingereza waliotutawala. Anayepatikana na hatia ya kosa lake kubwa anaweza kufungwa hadi miaka 14. Mpwa wangu alipopata kazi ya ukarani katika ofisi moja ya serikali hapa mjini, alitakiwa kupeleka nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA, picha za pasipoti na nambari ya akaunti ya benki. Katikati ya makaratasi hayo kulikuwa na tamko la sheria hiyo. Aliambiwa aweke sahihi na tarehe, asogee, mwingine aingie. Jioni akanionyesha nakala yake. "Mjomba, hapa nimekubali nini hasa?" Nilimsomea mstari kwa mstari, na nilipofika kwenye adhabu nikaona amenyamaza. Mshahara wake hautoshi kodi ya nyumba mtaani Umoja na nauli ya mwezi, lakini ameshaelezwa kwamba mdomo wake unaweza kumpeleka gerezani Lang'ata.

Ni karani kama yeye ambaye sheria hii iliwahi kumkamata. David Munyakei alikuwa mfanyakazi wa kawaida wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mezani pake zilipita karatasi za malipo kwa kampuni ya Goldenberg International, iliyokuwa ikidai ruzuku ya serikali kwa kuuza dhahabu na almasi nje ya nchi. Kenya haina migodi ya almasi. Munyakei aliziona hesabu hizo, akaona haziingii akilini, akatoa nakala, na nakala zikawafikia wabunge wa upinzani. Hivyo ndivyo nchi ilivyojua kwamba hazina yake inakombwa.

Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali. Hebu fikiria siri aliyodaiwa kuitoa: kwamba pesa za umma zinaibwa. Mashtaka yaliondolewa baadaye, lakini kazi ilikuwa imeshakwenda, na hakurudishwa. Aliondoka Nairobi, akahangaika huku na huko. Tume ya Jaji Bosire ilipoundwa mwaka 2003 kuchunguza Goldenberg, alikwenda kutoa ushahidi. Alifariki mwaka 2006, maskini, akiwa bado kijana.

Mwaka huohuo wa 2006, Mahakama Kuu iliamua kwamba George Saitoti, aliyekuwa waziri wa fedha na makamu wa rais enzi za Goldenberg, asishtakiwe kuhusu jambo hilo. Kamlesh Pattni, mwenye kampuni, aliachiliwa na mahakama mwaka 2013. Sisemi kwamba majaji walikosea sheria; mahakama huamua kwa kilicholetwa mbele yake. Ninachosema ni kwamba katika sakata lile lote, aliyeanza kutiwa pingu ni yule aliyetuambia. Kila ninapopita Haile Selassie Avenue na kuliona jengo la Benki Kuu namfikiria yeye kabla ya kumfikiria gavana yeyote aliyewahi kukaa mle.

John Githongo naye alilazimika kukimbilia Uingereza mwaka 2005 alipofuatilia sakata la ufisadi la Anglo Leasing, na alikuwa katibu wa kudumu, mtu mwenye ofisi na mlinzi. Nelson Amenya alipofichua mwaka 2024 mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, alikuwa mwanafunzi Ufaransa. Nafikiri umbali ule ulimsaidia sana. Novemba mwaka huo Rais Ruto aliufuta mpango huo mbele ya Bunge, wabunge wakashangilia, wabunge walewale ambao wengi wao walikuwa kimya kijana alipokuwa akitukanwa.

Halafu kuna siri zinazowekwa kwa faida ya wakubwa wenyewe. Mikataba ya mkopo wa kujenga reli ya SGR ilitiwa sahihi mwaka 2014. Sisi ndio tunaoilipa, lakini kwa miaka tuliambiwa ina vifungu vya usiri na haiwezi kuonekana. Ilibidi wanaharakati wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, waende Mahakama Kuu ya Mombasa, na Mei 2022 mahakama ikaagiza serikali iwape nakala. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016. Bado sijasikia waziri yeyote aliyesema mkataba ni siri akipata hata barua ya onyo.

Na wanasiasa wetu wanavyozichezea hizo siri! Nenda mazishini Jumamosi yoyote. Atasimama mheshimiwa, atashika maikrofoni, atasema ameisoma ripoti ya ujasusi na anajua nani anapanga nini. Ikiwa anasema kweli, ametoa siri ya nchi mbele ya jeneza ili apigiwe makofi. Ikiwa anasema uongo, anawatisha watu kwa jina la Idara ya Ujasusi. Sijaona hata mmoja akiitwa mahakama ya Milimani kwa maneno hayo. Mpwa wangu angefanya hivyo mara moja tu, angelala ndani.

Kuna msomaji atakayeniuliza kama nataka siri zote zianikwe. La. Wanajeshi wetu wako Somalia tangu 2011, na mahali walipopiga kambi au saa watakayotoka si jambo la kuandikwa mtandaoni. Ndiyo maana kile kikundi cha Signal kilinisumbua: zile ni siri za kweli, zinazobeba maisha ya watu. Lakini baada ya kambi yao ya El Adde, Somalia, kushambuliwa Januari 2016, familia za Kenya zilikaa zikisubiri serikali itaje idadi kamili ya waliokufa. Hiyo haikuwa siri ya kumlinda askari. Askari alikuwa ameshakufa.

Ninayotaka yanawezekana. Sura ya 187 irekebishwe ili anayefichua wizi au hatari kwa umma aweze kujitetea kwa hoja hiyo mahakamani na isikike. Mswada wa kuwalinda wafichuzi, ambao umezungushwa Bungeni kwa miaka mingi, upitishwe. Na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma itoe sababu zake kwa maandishi, hadharani, kila inapoamua kutomshtaki mtu mwenye cheo. Katiba, kifungu cha 157, inamtaka aombe ruhusa ya mahakama kabla ya kuiondoa kesi iliyokwisha anza. Kwa kesi ambayo haikuanzishwa kabisa hakuna ruhusa anayohitaji kuiomba, na faili nyingi za wakubwa huishia hapo, kwenye kabati, bila sisi kujua kama zilisomwa.

Uchaguzi ni Agosti 2027 na wagombea wameshaanza kutuzungukia mitaani. Anayetaka kura yangu ya ubunge nitamwuliza alipigaje kura, au atapigaje kura, kuhusu mswada wa wafichuzi. Aliyekuwa Bungeni na mswada ukalala mikononi mwake, aniambie alisema nini siku hiyo, na kama hakusema, aniambie kwa nini. Nawaomba na nyinyi mwulize. Muulize mkiwa wengi, na mrekodi jibu.