Breki ya Mkono Kwenye Kilima cha Bugando

Ukiitazama bajaji vizuri, utadhani aliyeibuni alimfikiria mtu asiyetumia miguu. Klachi iko mkono wa kushoto, gia unazizungusha hapohapo, mafuta unayatia kwa mkono wa kulia. Kinachodai mguu ni kimoja tu: pedeli ya breki. Fundi wa kuchomelea anaunga chuma kwenye pedeli, anakipandisha hadi usawa wa mkono, na mtu aliyezoea kusubiri kubebwa anaondoka mwenyewe, tena na abiria nyuma.

Ndiyo maana hapa Mwanza ukiuliza watu wenye ulemavu wasafiri vipi, hukawii kujibiwa: wapewe bajaji. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Bajaji inafaa mkopo wa namna hiyo kwa sababu ni miguu na ni kazi kwa wakati mmoja. (Ikiwa ya kikundi, sijui inalala kwa nani. Miguu haiazimwi kwa zamu.)

Wapo wanaopinga, na hoja yao si nyepesi. Ukimpa mtu mmoja chombo chake, wanasema, umeliacha daladala lilivyo: Hiace yenye mlango mwembamba, konda mwenye haraka, na kitimwendo kinachodaiwa nauli kama gunia la dagaa. Na asiyeona je? Na ambaye mikono ndiyo dhaifu? Hao bajaji ya kurekebishwa haiwapi usukani. Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, vituo vilijengwa usawa wa sakafu ya basi, na wa magongo na wa kitimwendo wakaingia mlango uleule wa wengine. Hata hapa kwetu, tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, basi la kwenda Sengerema linavuka bila mtu kushushwa kupanda kivuko. Lilijengwa kwa ajili ya wote, na aliyekuwa akiteseka zaidi pale kivukoni amenufaika bila kuomba.

Nakubali karibu yote hayo, ila Mwanza ni mawe. Nenda Mabatini au Igogo uone nyumba zilivyojibana katikati ya miamba. Daladala hata likishusha sakafu mpaka chini litakuacha barabarani, na kwenu bado ni juu. Bajaji inapanda mpaka pale gurudumu linapokomea. Tena daladala ni za watu binafsi, huyu ana moja, yule mbili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu imekuwepo tangu 2010, na Hiace ni ileile. Kumwambia mtu asubiri zibadilike zote ndipo aende sokoni ni kumwambia asiende. Kwangu bajaji itangulie.

Lakini itangulie ikiwa na breki ya kuaminika, na hapa ndipo watetezi wenzangu wanaponyamaza. Simama katikati ya kilima cha Bugando, kisha uondoke. Mkono wa kulia unatia mafuta, wa kushoto unaachia klachi, na breki nayo sasa inataka mkono. Kazi tatu, mikono miwili. Fundi mjanja anaweka jino la kuishikilia breki hadi chombo kianze kuvuta. Fundi asiyejua anachomelea chuma kitupu, na aliyenyimwa jino hilo anarudi kinyumenyume na abiria wake.

Ukidai ukaguzi mkali utaambiwa unawaongezea gharama wasio nacho, na ni kweli. Mimi ningeanza na mchoro mmoja. Vyuo vya VETA vinafundisha uchomeleaji. Vitoe muundo wa breki ya mkono wenye jino, mafundi wa mtaani waufuate, na mkaguzi ajue anatafuta nini. Kisha bei ya breki hiyo iingizwe ndani ya mkopo wenyewe. Mkopo ukitosha bajaji tu, mkopaji atatoka nayo dukani moja kwa moja hadi kwa fundi wa bei ya chini, na kesho yake asubuhi yuko Bugando anapakia.