Sola ya gari: hesabu usiku kwanza, paneli baadaye

Wadau leo naomba niwaudhi mafundi kidogo. Ukienda Kariakoo ukasema unataka sola ya kwenye gari, swali la kwanza ni "bosi una bajeti gani", hakuna anayekuuliza usiku unalala na nini kinawaka. Mimi niliingia kichwa kichwa nikatoka na paneli mbili za wati 100, betri moja ya jeli ya ampea-saa 100 na inveta (ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1000 ambayo niliipenda kwa sababu ina taa za bluu, basi. Vyote vikafungwa kwenye Hiace yangu, ile niliyotoa viti vya nyuma nikaweka kitanda, feni na friji ndogo ya kwenye gari.

Pasaka tukavuka na pantoni kwenda Kigamboni, tumeshapita soko la samaki la Feri tukachukua changu na pweza, friji imejaa. Saa kumi alfajiri inveta ikaanza kulia, mara feni kimya, jasho linatiririka, kulipokucha shemeji akafungua friji akaniangalia tu bila kusema kitu. Na ndiyo masika yenyewe, mawingu kutwa, na mimi nimepaki chini ya mwembe eti kuna kivuli.

Nikakaa chini na kalamu, hesabu ambayo nilitakiwa niifanye kabla sijatoa hela. Friji yangu ikiwa inavuta inakula kama wati 45, na kwa joto letu hili inavuta karibu nusu ya muda wote, mchana na usiku, kwa hiyo kwa saa 24 ni kama wati-saa 540 (yaani wati mara saa). Feni wati 20 kwa saa 10, hiyo 200. Taa za LED kidogo, simu na spika kidogo, jumla nikapata kama wati-saa 880 kwa siku. Sasa angalia usiku peke yake, yaani kuanzia jua linapozama mpaka saa mbili asubuhi paneli zinapoanza kuleta kitu cha maana: kama 635. Betri yangu volti 12 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 1200, lakini jeli ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua mapema, kwa hiyo ya kutumia ni 600 tu. Tayari imeshindwa. Halafu fundi alipitisha kila kitu kwenye inveta, hata friji ambayo ina waya wake wa volti 12, na inveta yenyewe ikikaa tu imewashwa inakula kama wati 15, kwa usiku mzima huo unaongeza 210 za bure kabisa. Hapo ndipo samaki wangu walipoozea.

Na paneli? Wati 200 ni za maabara. Juu ya bati la gari saa saba mchana paneli inaungua, na kila digrii moja juu ya 25 inapunguza kama asilimia 0.4, ukiongeza vumbi na nyaya mimi napiga robo chini. Kwa saa nne za jua zuri napata 600 hivi, na matumizi ni 880, yaani hata kusingekuwa na wingu nilikuwa nakopa kila siku. Tena kivuli cha tawi moja kikipita juu ya paneli kinakata umeme mwingi sana kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, hili watu hawaamini mpaka waone.

Kitu kimoja tuna bahati nacho, huku Dar jua linapita karibu na utosi, paneli ukiilaza tu inatosha, wale wa Ulaya unaowaona mtandaoni wanahangaika kuziinua kwa sababu jua lao la majira ya baridi liko chini. Kwa hiyo hesabu zao msizikopi.

Nilichofanya: friji na feni moja kwa moja kwenye volti 12 kupitia fyuzi na waya mnene, inveta inazimwa ikiwa haina kazi, betri nikabadilisha lithiamu ya ampea-saa 100 maana hiyo naweza kuitumia karibu yote (bei iliniuma, sifichi), na paneli nikaongeza ya tatu, zote nikaziinua vidole vinne juu ya bati upepo upite. Mtu asiye na friji wala hahitaji yote haya, paneli mbili zinamtosha kabisa.

Sasa ugomvi uliobaki ni wa vyombo. Mke wangu anataka blenda, hiyo nimekubali, wati 400 kwa dakika mbili ni wati-saa 13 tu. Jagi la umeme nimekataa, wati 1500 kwenye volti 12 ni ampea 125, waya gani huo na inveta gani hiyo. Tuna mtungi mdogo wa gesi, chai inachemka vizuri tu.