Fungueni Hiyo Bendeji Tuuone Mkono

Juzi nilikwenda wodini kumjulia hali mtoto wa mdogo wangu, wa mwaka mmoja na nusu. Mkono wa kushoto, wenye dripu, ulikuwa umeviringishwa bendeji toka vidoleni hadi karibu na kiwiko, nene kama mchi. Mtoto analia kile kilio cha chinichini, cha mtu aliyekwisha kuchoka kulia. "Yuko hivi tangu alfajiri," mama yake akaniambia. "Wanasema anadeka."

Anadeka! Mimi ni muuguzi, miaka mingi yote wodi ya watoto, kudeka ninakujua. Nikamwomba nesi wa zamu, kwa adabu niliyoiokoteza kwa shida, tufungue. Tulipofika tabaka la tatu vidole vikachungulia: vimevimba, vinang'aa, vya baridi. Maji yalikuwa yanaingia nyamani badala ya mshipani. Tangu saa ngapi? Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaona.

Najua kwa nini tunafunga, nami nimefunga sana. Mtoto wa umri ule ana kazi moja tu mchana kutwa, kuing'oa kanula, kile kijirija chembamba cha plastiki kinachopitisha dripu mshipani, na ni mfanyakazi hodari. Ile ya njano, namba 24, ni nyembamba na fupi; ikichezacheza kidogo imeshatoka. Na kutafuta mshipa mwingine kwa mtoto mnono aliyepungukiwa maji, aliyetapatapa chini ya mikono minne, sitamani kwa adui yangu. Basi wekeni banzi, bandikeni plasta, mrija wa dripu ukunjwe na kushikizwa. Lakini pale kanula inapoingilia, na vidole, vibaki wazi. Ile plasta angavu iliwekwa angavu ili tuone ngozi. Kuifunika kwa bendeji ni kujenga dirisha kisha kuliziba kwa matofali.

Dripu inapotembea, kila saa mtu apite: aangalie, aguse, alinganishe na mkono wa pili. Ni laini au umekaza? Una joto kama mwenzake? Umebadilika rangi? Mtoto anauvuta ukiugusa? Haichukui hata dakika. Asiyejua kusema "panauma" hana lugha nyingine zaidi ya huo mkono na hicho kilio mnachokiita kudeka.

Wala msiniambie pampu ya dripu ingepiga kelele. Pampu hulalamika mrija ukiziba na mgandamizo ukipanda. Nyama ya mtoto ni laini, itapokea maji kimyakimya, na pampu itaendelea kusukuma kwa uaminifu mkubwa kabisa.

Yakiwa maji ya kawaida, mara nyingi uvimbe hushuka. Ikiwa ni kalsiamu, potasiamu, fenitoini ya degedege au dekstrosi nzito, yaani maji ya sukari, ngozi inaweza kufa. Nimewahi kumuuguza mtoto aliyelazwa kwa nimonia akaishia kupandikizwa ngozi ya mkono. Kwa hiyo ukishuku maji yanaingia nyamani, zima dripu, chomoa mrija wake, vuta kwa bomba la sindano kilichobaki ndani ya kanula, inua mkono, ita daktari kabla hujaing'oa. Usisukume maji ya chumvi "kujaribu kama bado inapita." Unamjaribu nani?

Mengine mnayajua, tunayaruka tu. Kichwa cha kanula kisuguliwe kwa spiriti sekunde 15, kisha kiachwe kikauke. Maji ya chumvi yasukumwe kwa bomba la mililita 10, maana bomba dogo lina nguvu kuliko linavyoonekana. Kanula isiyo na kazi itolewe leo, si kesho "endapo." Na wale wa kuitoa kanula ingali nzima kwa sababu tu saa 72 zimetimia: mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wa mwaka 2011 unasema ya mtoto ibadilishwe pale tu kuna sababu ya kitabibu. Kama saa ndiyo mgonjwa wenu, basi ichomeni hiyo saa.

Haya, nitakubali. Nesi mmoja, vitanda thelathini, usiku wa manane, "kila saa" inakuwa neno la kwenye karatasi. Siwezi kumlaumu peke yake yule dada wa zamu. Alipouona mkono machozi yalimlengalenga. Ila pembeni ya kila kitanda karibu kila mara ameketi mtu asiyesinzia, na hakuna aliyemwonyesha cha kutazama. Mdogo wangu alisema tangu alfajiri kwamba mkono umekuwa mzito. Alisema mara mbili. Hakuna aliyeandika.

Kanula mpya iko mkono wa kulia, imeachwa wazi. Mama yake ameweka kengele kwenye simu, kila saa anaangalia. Jana usiku akanipigia akinong'ona: "Dada, naona pana wekundu kidogo. Nimwite nesi, au nitamsumbua?"

Msumbue, nikamwambia. Msumbue sasa hivi, usikate simu mpaka nimsikie amefika.