Mbili kwa Kumi na Tatu

Leo Jumatatu, na Jumatatu ligi ndogo za besiboli ya Marekani, zile za chini wanakopikwa vijana kabla ya ligi kuu, hazichezi. Ratiba imekuwa hivyo tangu 2021: timu inafika mji mmoja, inapiga mechi sita kuanzia Jumanne hadi Jumapili, kisha inapanda basi. Kwa hiyo usiku huu sina cha kufungua kwenye simu wakati wa mapumziko, ndiyo maana naandika.

Niko Columbus, Ohio, mwaka wa nane huu. Nafanya zamu ya usiku kwenye ghala, napanga maboksi, na mapumziko yangu yanaanza saa sita na nusu. Saa hiyo mechi za ukanda huu huwa zimekwisha. Nakaa juu ya paleti, nafungua chupa ya chai, natoa simu. Wenzangu wanaangalia video za kuchekesha, mimi nasoma majedwali ya mechi. Naanza na Columbus, nashuka Akron, nashuka Lake County, namalizia Lynchburg kule Virginia. Hizo ni ngazi nne za klabu moja, Cleveland Guardians, na tatu kati yake ziko humuhumu Ohio. Hata ile ya mbali kati ya hizo tatu naifikia kwa gari chini ya saa tatu.

Kaka yangu yuko Tanga. Siku nilipomweleza habari hizi aliniuliza, "Kwa hiyo hao si wa ligi kuu?"

"Bado."

"Na wewe umeshawaona wakicheza?"

"Baadhi."

"Sasa wakishinda unapata nini?"

Nikamjibu kwamba kushinda kwa timu hakunishughulishi sana. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nakula vizuri huku.

Simlaumu. Klabu kuu ziko 30, kila moja ina timu nne za chini, jumla 120. Zilikuwa 160 hadi 2020, ndipo 40 zikapigwa fyagio. Chini ya hizo kuna kambi za Florida na Arizona, na ligi ya majira ya joto kule Jamhuri ya Dominika, ambako wanaanzia watoto waliosajiliwa wakiwa na miaka 16 au 17. Ni maelfu ya vijana wanaogombea nafasi zisizofika elfu moja, na walio wengi hawatafika. Mtu mwenye akili zake angesubiri wafike kwanza ndipo ajifunze majina yao.

Mimi nimewapenda huku chini. Lakini kuna namna ya kuwafuatilia chipukizi hawa ambayo siiwezi, nayo ndiyo imeenea: kuwafuatilia kama hisa. Watu wana orodha ya chipukizi bora 100, na kila asubuhi wanaangalia nani kapanda, nani kashuka, nani auzwe kabla bei haijaanguka. Kijana wa miaka 19 akitoka mikono mitupu usiku tatu mfululizo, tayari ni garasa. Nikiyasoma hayo nakumbuka nyumbani. Simba au Yanga wakisajili mshambuliaji, mechi mbili hajafunga, kijiwe kizima kinauliza nani kamleta na kala shilingi ngapi.

Sasa nawaletea usiku mmoja. Aprili 18, 1981, mkesha wa Pasaka, mjini Pawtucket, Rhode Island. Wenyeji ni timu ya chini ya Boston, wageni ni Rochester, timu ya chini ya Baltimore, zote Triple-A, ngazi moja tu kabla ya ligi kuu. Besiboli ya Marekani kwa kawaida haina sare. Iningi tisa, yaani vipindi ambavyo kila timu hupiga kwa zamu, zikaisha wakiwa nguvu sawa, wakaendelea, wakaendelea tena. Kulikuwa na upepo na baridi kali, hata wachezaji wakawa wanachoma magongo yaliyovunjika wapate kuota moto. Saa kumi na dakika saba alfajiri ndipo mchezo ukasimamishwa, iningi 32 zimechezwa na jukwaani wamebaki watazamaji 19. Walikuja kumalizia Juni 23: iningi moja, dakika 18, Pawtucket 3, Rochester 2. Haijachezwa mechi ndefu kuliko hiyo katika besiboli ya kulipwa.

Aliyepiga mpira wa ushindi ni Dave Koza. Katika mechi ile alipata tano kwa kumi na nne, yaani zamu kumi na nne za kupiga, tano zikazaa. Upande wa Rochester kulikuwa na kijana wa miaka 20 aitwaye Cal Ripken Jr., naye alipata mbili kwa kumi na tatu. Kama simu hizi zingekuwepo, alfajiri ile watu wangempandisha Koza na kumshusha Ripken. Koza hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu maishani mwake. Ripken mwaka uliofuata alitangazwa mchezaji mpya bora wa American League, nusu moja ya ligi kuu, na akaja kucheza mechi 2,632 mfululizo bila kukosa hata moja.

Mbili kwa kumi na tatu! Siku hizi nikimwona kijana wangu kaandikiwa sifuri kwa nne, naisema hiyo kimoyomoyo na kunywa chai yangu.

Sisemi kwamba jedwali halina maana. Linasema mengi kwa anayelizoea, ila haliyasemi kwa usiku mmoja, wala hayapo pale wengi wanapotazama. Kupata besi, yaani kupiga mpira na kufika salama kituoni, kunaweza kuwa bahati, kwa sababu mpira dhaifu huponyoka kati ya wadakaji wawili, na mpira uliopigwa kwa nguvu zote ukamwendea mtu aliyesimama tu. Mimi naanza na safu mbili za pembeni: mara ngapi kijana katolewa kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu aliyoikosa au mizuri aliyoiachia, na mara ngapi kavumilia mipira mibaya minne akapewa besi ya bure. Hapo unaona macho yake. Steven Kwan alichaguliwa raundi ya tano 2018, mtu mfupi asiye na misuli ya kutisha, na mistari yake ilikuwa ya kuchosha kuisoma: moja kwa nne, straiki tatu sifuri, mbili kwa tano, straiki tatu sifuri. Alipopanda Cleveland Aprili 2022 alitupiwa mipira 116 ya kwanza bila kupunga gongo na kuukosa mpira hata mara moja. Nchi nzima ikaduwaa. Aliyekuwa akiisoma ile safu ya pembeni hakuduwaa.

Na umri. Namba bila umri na ngazi ni kama bei bila kujua ni ya kilo au ya gunia. Michael Jordan, yule yule wa kikapu, alicheza mwaka 1994 Birmingham, ngazi ya Double-A, iliyo chini ya Triple-A, akapata wastani wa .202, yaani mara mbili kwa kila kumi. Alichekwa sana na bado anachekwa. Lakini huyu alikuwa mtu wa miaka 31, hajagusa gongo tangu sekondari, amerukishwa ngazi zote za chini na kuwekwa mbele ya warushaji wanaojua kuupinda mpira. Akaiba besi 30, yaani alichomoka mbio hadi kituo cha mbele bila kungoja mpira upigwe. Kocha wake alikuwa Terry Francona, aliyekuja kuifundisha Cleveland miaka mingi baadaye. Kwangu ile .202 ni ya kuvuliwa kofia.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali halina safu yake, nalo ni fedha. Hadi 2022 kima cha chini cha mchezaji wa Double-A kilikuwa dola 13,800 kwa mwaka. Mwaka 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja, kikafika 30,250. Mimi mpanga maboksi bado nawazidi. Na katika basi hilohilo aliweza kukaa Travis Bazzana, Mwaustralia aliyechaguliwa namba moja 2024 na kutia saini kwa zaidi ya dola milioni 8, pembeni ya kijana wa Dominika aliyesajiliwa kwa fedha ya pikipiki mbili. Ila nayo haitabiri sana. José Ramírez alisajiliwa 2009 kwa dola 50,000, na leo Cleveland bila yeye haisemeki.

Kwetu Waafrika kuna jina ambalo kila anayesoma majedwali haya anapaswa kulijua, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli ya Randburg, kando ya Johannesburg, na familia iliishi katika chumba cha klabu hiyo, kwa hiyo mtoto alikulia ukingoni mwa uwanja. Pittsburgh Pirates walimsajili 2008. Akapanda ngazi moja moja, mwaka baada ya mwaka, mdakaji hodari ambaye gongo lilimsumbua. Aprili 26, 2017 akaitwa juu, mtu wa kwanza kutoka barani Afrika kucheza ligi kuu, na zamu yake ya kwanza kabisa akampiga Jon Lester wa Chicago Cubs mpira uliomfikisha besi. Jumla yake yote ya ligi kuu ni mechi 41. Kuna siku nimewahi kumweleza haya dereva mwenzetu wa foklifti, akasema miaka tisa kwa mechi 41 ni hasara. Nilimuuliza kama anajua zile usiku zote za katikati zilikuwaje. Hakunijibu, kengele ikalia.

Habari ya Ngoepe ndiyo iliyonifanya niongeze na jedwali la Bradenton, Florida, timu ya chini ya Pirates, ingawa si la klabu yangu. Huko nilimfuata David Matoma wa Uganda, mrushaji wa mkono wa kulia ambaye Pirates walimsajili, na mpira wake unakaribia maili 100 kwa saa. Uganda haikuibuka jana. Mwaka 2011 watoto wao walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza ya Afrika kukanyaga pale. Nikiona mtu anamwita Matoma "mradi wa muda mrefu" nakunja uso. Kila aliye chini ni mradi wa muda mrefu.

Nimalizie na mmoja ambaye simtaji, kwa kuwa hakuomba kutajwa. Alikuwa Lake County misimu miwili. Nilimpeleka binti yangu kule Jumapili moja, tukakaa safu ya tatu nyuma ya benchi lao. Kijana yule alitolewa kwa straiki tatu mara mbili, akawa anarudi anajipiga paja na glovu. Mwisho wa iningi moja alichungulia jukwaani, akamwona binti yangu kavaa kofia iliyomzidi kichwa, akamrushia mpira taratibu, wa chini, kama mtu anayejua mtoto hajawahi kudaka. Ulikuwa na doa la nyasi. Mpaka sasa uko juu ya televisheni yetu, doa limegeuka kahawia.

Tangu siku hiyo kila asubuhi nikirudi kutoka kazini ananiuliza kabla ya kuvaa sare za shule, "Kaka yetu?" Nami namsomea: moja kwa tatu, na besi ya bure. Sifuri kwa nne. Sifuri kwa nne. Mbili kwa nne, moja imegonga ukuta. Msimu wa pili ulikuwa mgumu, akaumia kifundo cha mkono, akarudi, akakaa benchi. Mstari wake wa mwisho ulikuwa moja kwa nne. Machi iliyofuata niliona jina lake kwenye orodha ya wachezaji walioachwa, limepangwa kialfabeti kati ya mengine kumi na kitu.

Nilikaa na habari hiyo karibu wiki. Binti yangu aliponiuliza safari hii kaka yetu yuko ngazi gani, nilimwambia amerudi kwao.

Akafikiri kidogo. "Kwao ni ngazi ya ngapi?"