Mhusika Akikwama: Kumkarabati au Kumfuta?

Kati ya vijana wanaocheza gemu za mapigano na kukuza mhusika, kuanzia mabweni ya Iyunga pale Mbeya hadi vyumba vya kupanga vya Kihesa, Iringa, kuna ubishi mmoja usiokwisha. Mtu kamlea mhusika wake kwa wiki kadhaa, kampa silaha, kampangia pointi, halafu ghafla mambo yanagoma. Maadui wadogo wanamuua kwa mapigo mawili, na bosi hapungui damu hata ukimchapa dakika kumi. Anauliza wenzake afanyeje, na majibu huwa mawili tu. "Mwanangu, futa huyo, anza upya." Au: "Usifute, tengeneza bildi yako," yaani mpangilio wa pointi, ujuzi na vifaa vya mhusika.

Kila upande hujibu kwa uhakika mkubwa, na ni nadra kwa yeyote kuuliza kwanza mhusika huyo anaumwa nini. Kwangu mimi swali lenyewe limewekwa vibaya. Kufuta au kukarabati kunategemea kosa limekaa sehemu gani ya bildi, na gemu yenyewe inatoza nini kulirekebisha. Nikilazimishwa kuchagua bila kumwona mhusika, nitasema karabati. Ila hoja za wanaofuta si za kudharau, na baadhi ya watu wanazisema vibaya kuliko zinavyostahili.

Tuanze na historia yao. Diablo II, moja ya gemu hizi za kukuza mhusika, ilipotoka mwaka 2000, pointi ya ujuzi ikishawekwa imewekwa. Aliyetawanya pointi zake kwenye ujuzi wa aina sita alipita ngazi ya kwanza ya ugumu bila shida, akafika ngazi ya mwisho, Hell, ambako toleo la nyongeza la 2001 lilimkata kila mchezaji pointi 100 za kinga, yaani kipimo kinachopunguza makali ya moto, baridi na mengineyo, na hapo hakuwa na dawa. Watu walizoea kuficha pointi bila kuzitumia hadi leveli ya 30, ujuzi mkubwa ulipofunguka. Mwaka 2003 sasisho la 1.10 likaufanya ujuzi mdogo wa mwanzo uongeze nguvu ule wa baadaye, na mahesabu ya kuficha yakabadilika, lakini kosa bado lilibaki kosa la kudumu. Ruhusa ya kupanga pointi upya ilikuja na sasisho la 1.13, mwaka 2010. Kwa miaka kumi basi, "anza upya" haikuwa ushauri mkali. Ilikuwa njia pekee. Kaka aliyecheza enzi hizo akimwambia mdogo wake afute, anasema kile ambacho gemu ilimfundisha.

Hoja yao ya pili ni nzuri zaidi. Safari ya pili ni fupi. Unajua njia, unajua kazi zipi uziruke, unajua silaha gani ya kuokota na ipi ya kuacha. Kwenye Path of Exile, gemu ya bure ya kampuni ya Grinding Gear Games ya New Zealand iliyotoka rasmi 2013, kila baada ya miezi michache unafunguliwa msimu mpya na wanaoingia wote huanza sifuri. Kuanza upya ndiyo utamaduni wa gemu hiyo. Mchezaji mzoefu haoni uchungu wowote kumwacha mhusika wa leveli ya 60, kwa sababu anajua baada ya muda angemwacha tu.

Sasa tuangalie ugonjwa wenyewe, maana hapa ndipo wanaofuta hupoteza hoja mara nyingi.

Chukua mhusika wa jamaa mmoja wa Kihesa, mchawi wa moto aliyepita sura tano za kwanza za Path of Exile kama mchezo, kisha akaanza kufa hovyo kwenye sura ya sita. Wenzake wakamwambia ujuzi wa moto ni mbovu, abadilishe kila kitu. Lakini tazama kilichotokea katikati. Mwisho wa sura ya tano unampiga bosi aitwaye Kitava, na ukishamshinda, gemu inakuondolea asilimia 30 ya kinga dhidi ya moto, baridi na umeme, moja kwa moja, milele. Kinga hizo kwa kawaida hukomea asilimia 75. Aliyekuwa na 75 kamili bila akiba ya juu yake anaamka sura ya sita akiwa na 45. Pigo la moto la 1,000 lililokuwa linampunguzia damu 250 sasa linampunguzia 550. Hakuna alichoharibu kwenye mti wa pointi, ile ramani ya vituo vya nguvu unavyovifungua kwa pointi. Ujuzi wake uko palepale. Ila kila pigo la moto, baridi au umeme linauma zaidi ya mara mbili ya jana.

Na ukimaliza sura ya kumi, unakatwa 30 nyingine. Kwa hiyo kufika 75 baada ya hapo unahitaji jumla ya 135 kwa kila aina, kutoka kwenye kofia, buti, mkanda, pete na mkufu. Asiyelijua hili atafuta mhusika, ataanza mwingine, na atakufa mahali palepale kwa sababu ileile. Nimeona mtu akibadilisha wahusika watatu hivyo na kuhitimisha kwamba gemu ina roho mbaya.

Dawa ya huyu wa Kihesa ilikuwa ya bei rahisi kabisa. Pete ya rubi, ya kawaida isiyo na mbwembwe, huja yenyewe na kinga ya moto ya asilimia 20 hadi 30. Ya yakuti hutoa ya baridi kiwango hichohicho, na ya topazi ya umeme. Mbili kati ya hizo, na meza ya ufundi inayokuruhusu kuongeza kinga kwenye kifaa chenye nafasi, zingemrudisha kwenye hali yake bila kugusa pointi hata moja. Alikuwa amevaa pete mbili zinazoongeza nguvu ya uchawi, kwa sababu namba yake ilikuwa kubwa. Wengi wetu tunavutwa na namba ya kupiga na kuisahau ya kupigwa.

Upande wa kupiga nao una mtego wake, na huu ni wa hesabu. Gemu hiyo ina nyongeza za aina mbili. Za kwanza hujumlishwa zote pamoja kabla ya kuzidishwa, za pili kila moja huzidisha peke yake. Tuseme ujuzi wako unapiga 100 na una nyongeza za aina ya kwanza zinazofika asilimia 300, hivyo unapiga 400. Ukitumia pointi mbili za mti zenye asilimia 10 kila moja, unafika 420. Umepanda asilimia 5 tu, ingawa maandishi yalikuahidi 20. Lakini kito kimoja cha kusaidia, kinachowekwa kwenye tundu la vazi, chenye asilimia 30 za aina ya pili, kinakutoa kwenye 400 ileile hadi 520 papo hapo. Na vito hivyo hufanya kazi pale tu tundu lake linapounganishwa na tundu la kito cha ujuzi. Mara ngapi mtu analalamika mhusika wake hana nguvu, ukimwangalia vazi lake, vito vyote vipo ila viunganishi havipo! Hapo unamshauri afute nini?

Elden Ring, gemu nyingine ya mapigano ya mwaka 2022, inaonyesha jambo hilohilo kwa urahisi zaidi, na hata wale wasiopenda mahesabu huielewa. Wageni humwaga pointi kwenye nguvu au wepesi huku silaha ikibaki na alama ya 3, wakati silaha za kawaida hupandishwa hadi 25 na zile maalumu hadi 10. Ukipandisha silaha kwanza, pointi zile zile zinaanza kuonekana. Damu nayo ina kipimo chake, Vigor. Kwenye 40 unapata damu 1,450, kwenye 60 unapata 1,900, na ukiifikisha 99 unaambulia 2,100 tu. Yaani pointi 20 za kutoka 40 hadi 60 zinakupa 450, na 39 zinazofuata zinakupa 200. Mtu mwenye Vigor 20 anayekufa kila pigo hana bildi mbaya, ana damu kidogo. Na aliyevaa chuma kizito hadi akapita asilimia 70 ya uzito anaoweza kubeba, anabiringika kama gogo. Avue kitu kimoja, atakwepa mapigo ambayo jana aliyaita ya dhuluma.

Kwa hiyo, kwa makosa ya vifaa, kinga, vito, silaha na uzito, kukarabati kunashinda bila ubishi. Ubishi wa kweli unabaki kwenye pointi zenyewe.

Mti wa Path of Exile una vituo zaidi ya 1,300, mmoja kwa aina zote za wahusika, ila kila aina huanzia kona yake. Unaweza kurudisha pointi: baadhi ya kazi za njiani hukupa nafasi za kurudisha bure, kisha kila pointi inayofuata inaweza kukugharimu Orb of Regret moja, aina ya sarafu ya gemu hiyo. Pointi kumi zilizopotea njia ni jambo dogo. Hamsini, kwa mchezaji mpya asiye na mali, ni mlima. Hapo mwenye kusema "futa" ana haki ya kusikilizwa. Path of Exile 2, iliyofunguliwa kwa majaribio ya kulipia Desemba 6, 2024, ilichagua dhahabu: unarudisha pointi kwa ile unayookota kila siku, na ndani ya wiki za mwanzo waundaji wakapunguza gharama hiyo baada ya malalamiko. Elden Ring inakudai Larval Tear moja, kitu adimu cha kuokota, kwa kila mpangilio mpya kwa Rennala, mhusika wa gemu anayekupangia pointi upya, na vitu hivyo vina idadi maalumu kwenye safari moja. Unaona kwamba ushauri uleule unaweza kuwa wa busara kwenye gemu moja na wa kijinga kwenye nyingine.

Kuna wanaokwenda mbali na kusema urahisi wa kubadilisha umeharibu gemu hizi. Wanaitaja Diablo III ya 2012, ambako unabadilisha ujuzi utakavyo bila malipo, na wahusika wawili wa aina moja wenye leveli sawa wanatofautiana kwa nguo tu. Nawaelewa. Kosa lisilo na gharama halikufundishi kupanga. Lakini nadhani wanamtwisha mchezaji mpya mzigo wa kumbukumbu zao.

Huku kwetu kuna gharama ambayo waandishi wa miongozo ya Ulaya na Marekani hawaihesabu. Path of Exile haichezeki bila intaneti, na intaneti ya wengi Mbeya na Njombe ni bando la simu lililorushwa kwenye kompyuta. Kuanza upya maana yake ni kupita tena sura kumi ukiwa umelipia kila saa, ukiomba umeme usikatike katikati ya bosi. Vibanda vya gemu vya Mwanjelwa haviwezi kukusaidia, vinaishi kwa mpira, mechi moja hela yake, na hakuna anayekuruhusu kukalia padi jioni nzima ukipanga pete. Mwanafunzi mwenye saa nne za wikendi akiambiwa "anza upya, safari ya pili ni fupi," anaambiwa na mtu mwenye saa nne za kila usiku.

Wanaofuta huongeza: anza upya kwa kufuata mwongozo wa mtaalamu. Ushauri mzuri nusu. Miongozo mingi huonyesha mhusika aliyekwisha kukamilika, mwenye vifaa ambavyo mgeni hatavigusa msimu huu. Mtu ananakili mti wa leveli ya 95 akiwa na leveli ya 50, anachukua pointi za mwisho kabla ya zile zinazomweka hai, kisha anachanganya na mwongozo wa pili kwa sababu wa kwanza haukufanya kazi. Bildi mbovu kabisa nilizowahi kuziona hazikubuniwa na mtu. Zilinakiliwa kutoka sehemu mbili. Ukifuata mwongozo, fuata ule wenye hatua za kupanda leveli, na uufuate mmoja.

Ni lini basi nitakuambia ufute? Wanaootesha maparachichi Rungwe hubebesha kikonyo cha parachichi aina ya Hass juu ya shina la mparachichi wa kienyeji. Shina likiwa zima na la jamii ileile, tawi linashika. Likiwa la mti mwingine, hata ufunge vizuri vipi utapoteza kisu na muda. Aina ya mhusika ndiyo shina. Elden Ring hukuruhusu kupanga kila kitu upya isipokuwa kushuka chini ya viwango vya mwanzo vya aina uliyochagua, na Path of Exile haikuhamishi kutoka kona uliyoanzia. Kama unataka kupiga upinde na ulianza na Marauder, aliye kona ya nguvu za mwili, utalipia safari ya kuvuka mti kwa pointi ambazo Ranger, mpiga upinde, hazitumii kabisa. Huyo mwache.

Na mwache pia kama umechoka naye. Hili wapenda mahesabu hulibeza, lakini mhusika mwenye kinga 75 kila upande ambaye huna hamu ya kumwasha jioni hana faida. Ila kabla hujabonyeza kufuta, fungua ukurasa wa takwimu zake usome kinga tatu, damu, na viunganishi vya vito vyake. Ni dakika tano, na unaweza kuufungua ukurasa huo ukiwa umesimama mjini ndani ya gemu, pasipo na adui.